Draiva gani kwa leza ya kijani kwenye betri mbili za 18650? Mstari unafifia na betri bado zina chaji

Jipsamu_Umoja ameuliza:

Salamu mafundi wenzangu. Kazi yangu ya mchana ni dari za jipsamu. Jioni nikiwa Umoja natengeneza vifaa vya mafundi wengine: drili, grainda, chaja, na siku hizi naletewa sana pima maji za leza zenye mistari ya kijani. Mijengo mingi ya Ruaka na Syokimau huwa haijawekwa stima tunapoingia kufunga fremu, kwa hivyo hakuna pa kuchajia. Ukianza saa mbili asubuhi unataka mstari uonekane mpaka saa kumi na moja jioni. Ukififia katikati, kazi inasimama na vijana wa mkono umewaajiri kwa siku, lazima uwalipe.

Iliyoko mezani sasa ina daiodi mbili, moja ya mstari wa wima na nyingine ya mlalo. Karatasi ya data inasema nanomita 520, miliwati 30, mkondo wa kazi miliampea 85, volti 5.8, na kizingiti, yaani mkondo ambao leza huanzia kuwaka, miliampea 35. Betri ni seli mbili za lithiamu za 18650 zilizofuatana, yaani volti 8.4 zikijaa. Draiva ya kiwandani, yaani bodi inayolisha daiodi mkondo, ilishatolewa na mtu kabla kifaa hakijanifikia, akaweka LM317 moja (kipuli cha kudhibiti volti au mkondo) kwa kila daiodi, na rezista ya ohmu 15.

Mwenyewe analalamika kwamba asubuhi haijaisha mstari hauonekani tena hata kwenye chumba chenye dirisha dogo. Betri nikizipima zina 7.4. Nimepima pia kwenye ncha za ile rezista ya ohmu 15: betri zikiwa 8.3 napata volti 1.1, zikishuka hadi 7.4 napata 0.6.

Pale kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, nimeambiwa niweke bodi ya kupandisha volti ya MT3608, ati ufanisi wake unapita asilimia 90 na nitabaki na betri moja tu. Mwingine ameniambia AMC7135. Daiodi hizi si za kuchezea, na ziko pima maji nyingine za aina hii zinanisubiri. Naomba ushauri, na tafadhali mnieleze sababu, si jina la kipuli peke yake.

Tochi_Kayole:

Kaka, AMC7135 ndiyo tunayotumia kwenye tochi. Miguu mitatu, hakuna koili, hakuna rezista ya kuhesabu, na volti inayojilia ni ndogo sana, kama 0.12. Rahisi na haisumbui.

Saketi_Grogan:

Tochi_Kayole, kwenye tochi ni kipuli kizuri kweli, lakini hapa kitaua. AMC7135 imewekewa miliampea 350 kiwandani na huwezi kuishusha kwa rezista. Daiodi ya miliampea 85 ikipewa 350 haitawaka hata upate muda wa kushika swichi. Tena imekusudiwa volti 2.7 hadi 6, na hapa betri zinafika 8.4.

Jipsamu_Umoja, nakushukuru kwa kuleta vipimo. Ile 1.1 na 0.6 zimeshajibu nusu ya swali lako.

LM317 ikitumika kushikilia mkondo inataka volti 1.25 kwenye rezista yake. Yenyewe nayo inakula kama 1.5 kati ya mguu wa kuingia na wa kutoka, hata kwa mkondo mdogo hivi. Jumlisha na 5.8 za daiodi: unahitaji karibu 8.6. Betri zako zikijaa kabisa ni 8.4. Maana yake LM317 hiyo haijawahi kufanya kazi yake hata dakika moja. Inayoongoza mkondo ni betri yenyewe, na mkondo unashuka kila betri inaposhuka.

Tazama sasa hesabu ya mwanga. Volti 1.1 kwenye ohmu 15 ni miliampea 73. Volti 0.6 ni miliampea 40. Mtu wa balbu za LED ataona 40 na 73 na kusema mwanga umepungua karibu nusu. Leza haiko hivyo. Chini ya kizingiti haitoi leza, inatoa mng'ao hafifu tu. Kwa daiodi yako, miliampea 35 za kwanza ni za kufika mlangoni, na 50 zinazofuata ndizo zinazoleta zile miliwati 30, yaani kama miliwati 0.6 kwa kila miliampea moja. Kwenye 73 ulikuwa na miliwati 23 hivi. Kwenye 40 una miliampea tano tu juu ya kizingiti, sawa na miliwati 3. Mkondo umebaki karibu nusu, mwanga umebaki sehemu moja kwa kumi ya ule unaotakiwa. Na ongeza joto: dari ya mabati ikipata jua la mchana, kizingiti kinapanda, na hizo tano zinaliwa pia. Betri za huyo bwana zinarudi kwenye chaja zikiwa na chaji nyingi ndani yake.

Kwa hivyo usikimbilie neno ufanisi. Anza na pengo kati ya volti za betri na volti za daiodi, kuanzia betri ikiwa imejaa hadi ikiwa imekwisha. Kwako pengo ni kutoka 8.4 hadi 6.0 upande wa betri, na 5.8 upande wa daiodi. Betri iko juu ya daiodi muda wote, lakini kidogo tu. Hapo ndipo draiva ya kawaida isiyo na koili inapofaa kuliko zote, mradi iwe ile inayokula volti kidogo.

Ijenge hivi. Opampu LM358 (kipuli cha kulinganisha volti mbili), mosfeti (mlango wa mkondo) inayofunguka kwa volti ndogo kama IRLZ44N, na rezista ya kupimia ya ohmu 1.2 kati ya mosfeti na hasi. Daiodi inakaa kati ya chanya ya betri na mosfeti. Volti ya rejea itoe kwa TL431, kipuli cha kutoa volti isiyobadilika, ambacho utaking'oa kwenye karibu pawa saplai yoyote iliyokufa, kisha uigawe volti hiyo kwa rezista na potenshometa ndogo hadi upate milivolti 100. Opampu inalinganisha milivolti 100 hizo na zilizo kwenye rezista, na mkondo unakuwa miliampea 83. Vyote kwa pamoja, mosfeti na rezista, vinakula chini ya 0.2. Mstari utabaki vilevile kutoka 8.4 hadi karibu 6.0, na pale betri inapotakiwa kupumzishwa mstari wenyewe unaanza kufifia kukuonya. LM358 moja ina opampu mbili ndani, kwa hivyo inatosha daiodi zako zote mbili.

Ufanisi? Gawanya 5.8 kwa 7.4, unapata asilimia 78 kwa wastani. Mwanzoni ni 69, mwishoni unapita 90.

Sasa MT3608 ya Luthuli. Sikatai, ni bodi nzuri na iko kila duka. Lakini imeundwa kushikilia volti. Ukitaka ishikilie mkondo lazima mguu wake wa mrejesho (FB) usome rezista iliyofuatana na daiodi, na mguu huo unataka volti 0.6. Kwa hivyo volti 0.6 katika kila 6.4 zinaishia kuwa joto kwenye rezista, na asilimia 90 yako imerudi kwenye 80 kabla hujafanya lolote. Umejisumbua na koili, daiodi ya kasi na mtetemo wa mkondo ili upate asilimia mbili. Ukiwa na betri moja tu utaihitaji, maana 3.7 haiwezi kuwasha daiodi ya 5.8 bila kupandishwa. Ukiwa na mbili zilizofuatana, usiiweke kabisa: kwenye bodi ya kupandisha, betri inaona daiodi moja kwa moja kupitia koili, na betri ya 8.4 ikizidi volti za daiodi, hakuna kitu kinachoweza kuuzuia mkondo.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi kwenye bodi hizi, nayo ndiyo imezika daiodi nyingi hapa mjini. Bodi ikiwashwa bila daiodi, haioni mkondo, inapandisha volti hadi mwisho wake, na kapasita ya kutolea inajaa. Kisha fundi anagusisha daiodi ili ajaribu. Kapasita inamwagika yote ndani yake kwa mara moja. Uso wa daiodi ya leza huungua kwa muda mfupi mno, kabla fyuzi yoyote haijajua. Daiodi bado itapitisha mkondo na mita itasema iko sawa, lakini itakuwa inawaka kama LED dhaifu na haitarudi. Lehemu kwanza, washa baadaye. Wakati wa kulehemu funga miguu ya daiodi pamoja kwa waya mwembamba, na pasi yako iwe na ardhi.

Kabla ya daiodi halisi tumia mzigo wa bandia: daiodi za kawaida za 1N4007 nane zilizofuatana na rezista ya ohmu 1. Kwa miliampea 85 zitakupa karibu volti 6, na kila milivolti kwenye rezista ni miliampea moja. Punguza potenshometa hadi chini kabisa, washa, panda polepole hadi milivolti 80, zima, washa tena, gongagonga boksi la betri. Kama una osiloskopu angalia mruko wa mkondo wakati wa kuwasha. Mita ya kawaida haiwezi kuuona, na mruko mmoja unatosha.

Mwanafunzi_Juja:

Swali kutoka kwa mwanafunzi wa umeme. Dada Saketi, kwa nini asirudi tu kwenye nyekundu? Daiodi ya nanomita 650 inataka volti 2.2 na miliampea 30 hivi. Betri moja inatosha na bado inabaki.

Saketi_Grogan:

Umeuliza vizuri. Kwa kazi ya ndani, chumba chenye kivuli, nyekundu ni halali kabisa na saketi yake ni hiyohiyo niliyoieleza. Kutoka 3.7 hadi 2.2 unapoteza asilimia 40, lakini ni asilimia 40 ya kitu kidogo. Betri ya kweli ya miliampea-saa 2000 itaiwasha saa 66. Hakuna haja ya bodi ya kushusha volti.

Tatizo ni jicho. Kipimo cha kimataifa cha jicho kinachotumika tangu 1924 kinaipa rangi ya nanomita 555 moja kamili. Nanomita 520 inapata 0.71. Nanomita 650 inapata 0.107. Yaani miliwati moja ya kijani hicho inaonekana mara sita na zaidi ya miliwati moja ya nyekundu. Ukiwa nje mbele ya ukuta uliopigwa lipu mpya saa sita mchana, nyekundu haipo. Lakini ukilazimika kununua nyekundu, usichukue 650, tafuta 635. Hiyo inapata 0.217, maradufu, kwa mkondo unaokaribiana. Hakuna draiva duniani itakayokupa maradufu ya mwanga kwa betri ileile. Watu wanahangaika na asilimia tano za saketi na kuacha asilimia mia kwenye kaunta ya duka.

Limuru_Vigae:

Mimi naweka vigae. Yangu ni ya kijani pia lakini asubuhi za baridi inachelewa kung'aa, mpaka niishike mkononi kwanza. Nayo ni draiva?

Saketi_Grogan:

Hapana, ndugu. Yako inaelekea kuwa ya zamani, ile ya nanomita 532. Ndani yake kuna daiodi ya nanomita 808, isiyoonekana, inayosukuma vioo viwili vya fuwele ambavyo ndivyo vinavyotoa kijani. Vioo hivyo na daiodi yake vinataka joto la kadiri fulani, ukitoka hapo mwanga unaanguka. Draiva mpya haitaponya. Ikifa, badilisha moduli nzima kwa ya 520. Na usiifungue ukaitazame: ikikosa kichujio chake, mwanga wa 808 unatoka na jicho halifumbi kwa sababu haliuoni.

Jipsamu_Umoja:

Nimerudi. Nimejenga kama ulivyosema, nikaipima kwa zile 1N4007 kisha nikaweka daiodi. Milivolti 100 pale kwenye rezista betri zikiwa 8.4, milivolti 100 zikiwa 7.4, na 99 zikiwa 6.2. Mstari umekaa palepale. Nimeupeleka kwenye kazi Kitengela na mwenyewe amefunga fremu za sebule nzima bila kuigusa betri. Asante sana, dada, umenifungua macho.

Mawili yamebaki. Kwanza, mwenyewe anataka swichi ya kila mstari, azime wa wima akitumia wa mlalo tu. Niweke swichi kati ya mosfeti na daiodi? Pili, betri alizonunua zimeandikwa 9900. Kwa hesabu yangu zingekaa zaidi ya siku mbili mfululizo, nazo hazifiki hata jioni.

Saketi_Grogan:

Nimefurahi kweli kusikia inafanya kazi.

Betri kwanza. Hakuna 18650 ya 9900. Nyingi zilizo bora sokoni zinafika kama 3500, na ile karatasi ya rangi ni karatasi tu. Mie naona afadhali seli zilizotolewa kwenye betri za laptop ukazichaji, ukazimwaga kwa mzigo unaojulikana na kuandika kipimo juu yake. Draiva hii inavuta kutoka kwenye betri mkondo uleule unaopita kwenye daiodi, hauongezeki, kwa hivyo hesabu ni nyepesi: mistari miwili ni miliampea 170 pamoja na kidogo cha opampu. Seli mbili za kweli za 2000 zinakupa saa 11 na dakika kadhaa. Hiyo ndiyo siku yenu ya kazi, na inabaki. Weka pia bodi ya ulinzi ya seli mbili.

Swichi: usiiweke kati ya mosfeti na daiodi, nakuomba. Ukikata hapo, opampu inaona mkondo umepotea, inafungua mosfeti hadi mwisho ikiutafuta. Unaporudisha swichi, daiodi inakutana na mlango ulio wazi kabisa kabla opampu haijawahi kuufunga. Hilo pia ndilo linalotokea pima maji ikianguka na springi ya betri ikaruka, ndiyo maana opampu na daiodi zipate umeme kupitia swichi moja kuu, zife pamoja na zifufuke pamoja. Kwa kila mstari, swichi iende kwenye volti ya rejea: iishushe hadi hasi, na mstari utazima kwa upole. Weka kapasita ya maikrofaradi 1 hapo kwenye rejea ili kupanda kwake kuwe taratibu.

Ukishakuwa na swichi hiyo, una nafasi ya kitu kingine ambacho kitakupa saa nyingi kuliko bodi yoyote ya Luthuli. Badala ya kushusha rejea kwa kidole, ishushe kwa NE555, kipuli cha kutoa mapigo, mara 10,000 kwa sekunde, nusu ya muda juu na nusu chini. Kwa njia hii tu ile maikrofaradi 1 iwe ndogo, nanofaradi 10 hivi pamoja na rezista ya kilohmu 1 itatosha kulainisha kingo. Usiishushe hadi sifuri, acha milivolti 14 ambazo ni miliampea 12: ziko chini ya kizingiti, hakuna leza, lakini opampu inabaki imeshika kazi na hakuna mruko. Wastani wa mkondo kwa daiodi moja unakuwa 48, na mwanga wa wastani miliwati 15. Kama ungetaka miliwati hizo 15 kwa kupunguza mkondo moja kwa moja, ungehitaji miliampea 60, kwa sababu kizingiti ungekilipia muda wote. Ndani ya nyumba hutauona upungufu mkubwa, na betri zilezile zinakwenda saa 20. Na kile kipokezi cha kutafutia mstari juani kinasoma mistari ya mapigo tu, kwa hivyo mwenyewe ataweza kukitumia. Hakikisha tu mapigo ya kipokezi chake yanakaribiana na yako.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Daiodi ya miliwati 30 ikiwa nyuma ya lenzi yake ya mstari, mwanga umetandazwa ukutani. Ukiitoa lenzi hiyo mezani kwako, ni nukta ya miliwati 30, Daraja la 3B, wakati Daraja la 2 ambalo jicho linaweza kujikinga kwa kupepesa mwisho wake ni miliwati 1. Kigae king'avu au kioo cha dirisha kinairudisha vilevile. Unapopanga draiva, ielekeze kwenye ukuta mweusi usiong'aa, watoto wasiwe kibandani, na potenshometa uifunge kwa tone la rangi ya kucha ukishafika milivolti 100, ili mtu wa kesho asiizungushe akitafuta mwanga zaidi.